Kuandika ulichokiona: mwongozo kamili wa ushuhuda wa macho, kwa mifano ya Lamu na Malindi

"Nilimwona akianguka" na "nilimwona ameanguka" zinatofautiana kwa silabi moja tu, lakini ni ushuhuda wa watu wawili. Wa kwanza alikuwa anatazama mtu akiwa bado hewani. Wa pili aligeuka, akamkuta mtu tayari yuko chini. Kiswahili kimetupa kipimo hiki bure, na inasikitisha kwamba wengi hukiacha wanapokaa kuandika habari ya zefe (maandamano ya nyimbo na ngoma), ya mashindano ya mashua, ya moto wa makuti au ya chombo kilichozama. Huandika kana kwamba waliona kila kitu tangu mwanzo mpaka mwisho, wakiwa mahali pote kwa wakati mmoja.

Ushuhuda mzuri humwazima macho yako mtu ambaye hakuwapo, na humwonyesha macho hayo yalifika wapi na yalikomea wapi. Hatua zilizo hapa chini zinafuata mpangilio wa kazi yenyewe: kabla ya tukio, wakati wake, saa ya kwanza baada yake, na siku za kuandika. Kama tukio lako limekwisha kupita miaka mingi, soma yote, kisha zingatia zaidi sehemu ya saa na tarehe.

Kabla, kama tukio linajulikana

Matukio mengine yana siku yake. Maulidi ya Lamu, ambayo asili yake ni mwanachuoni Habib Swaleh na msikiti wa Riyadha, huja Mfunguo Sita, yaani mwezi wa Rabi'ul Awwal. Mashindano ya punda na ya mashua hutangazwa mapema. Kwa matukio ya namna hii, amua kwanza utasimama wapi, kwa sababu hakuna mahali pa kuonea yote.

Ukisimama ndani ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, zefe itapita mbele yako kwa umbali wa mkono. Utaziona sura, utasikia matwari (ngoma ndogo za mkono) mpaka kifuani, utanusa udi na jasho. Lakini hutajua kama zefe ina watu mia tano au elfu mbili. Ukipanda juu ya dari utaona urefu wake, na sura zitakupotea. Kwenye mashindano ya mashua ni vivyo hivyo: ukuta wa pwani wa mji wa Lamu unakupa mkondo ulio baina yetu na kisiwa cha Manda, kijiji cha Shela kinakupa mahali mkondo unapofungukia bahari kuu. Chagua mahali pamoja kufuatana na unachotaka kusimulia, kisha kaa hapohapo. Mtu anayekimbia huku na huku hurudi na vipande visivyoungana.

Fikiria jua pia. Mji wa Lamu umeelekea Manda, yaani mashariki. Asubuhi jua linakupiga usoni ukitazama maji, na chombo unakiona kama kivuli cheusi tu. Alasiri jua liko mgongoni mwako na rangi zote zinaonekana. Pwani ya Malindi nayo imeelekea mashariki, kwa hiyo hesabu ni hiyohiyo.

Vifaa ni vichache. Daftari la kuingia mfukoni, penseli 2 zilizochongwa, simu iliyojaa chaji. Tunasema penseli kwa sababu: wino wa kalamu nyingi hutawanyika ukirushiwa maji ya chumvi, alama ya penseli hubaki. Hakikisha saa ya simu yako ni sahihi kabla hujatoka, maana ndiyo itakayopanga mambo yako yote baadaye.

Wakati tukio linatokea

Kama kuna mtu anayehitaji msaada na unaweza kumsaidia, msaidie. Maandishi yatangoja.

Ukiwa huru kutazama, andika saa kila jambo linapobadilika, na pembeni maneno matatu au manne. Andika vitu na vitendo, usiandike hisia: "10.12 bendera chini", "10.20 mashua ya 3 yalala", "10.26 boti yafika". Maneno kama "shangwe kubwa" au "huzuni" hayatakukumbusha chochote ukiyasoma kesho. Bendera na boti zitakurudishia picha nzima, pamoja na hisia yake.

Simu itumie kidogo. Piga picha 3: ya kwanza ya mbali, iwe na kitu kisichohama kama gati au mnara wa msikiti, ya pili ya kati, ya tatu ya karibu. Rekodi sauti nusu dakika. Kisha iteremshe. Anayerekodi tukio zima huangalia kioo cha simu, na mambo yanayotokea pembeni mwa kioo yanampita. Halafu usiifute picha ya awali. Picha iliyopita WhatsApp hupoteza maelezo ya saa na mahali ilipopigwa, na anayeipokea huona saa aliyotumiwa tu. Ya asili iliyo kwenye simu yako ndiyo yenye thamani.

Idadi ya watu ndiyo sehemu inayoharibiwa kuliko zote. "Maelfu kwa maelfu" si hesabu. Kwa zefe iliyo njiani, chagua mlango mmoja, hesabu safu zinazoupita kwa dakika 1 na watu walio katika safu. Safu 15 za watu 4 ni watu 60 kwa dakika. Zefe ikichukua dakika 25 kuumaliza mlango ule, ni watu kama 1,500. Rudia hesabu mara 2 au 3, kwa sababu mbele ya zefe hubanana na mkiani hulegea. Kwa watu waliosimama uwanjani, pima urefu na upana kwa hatua. Waliosimama kwa nafasi ni kama mtu 1 kwa mita ya mraba. Waliosongamana lakini mtu anaweza kugeuka ni 2 hadi 3. Bega kwa bega ni 4. Uwanja wa mita 20 kwa 15, wenye watu 2 kwa kila mita ya mraba, una watu kama 600. Ukiandika, sema ulivyohesabu. Msomaji ataiamini "kama 600, kwa kupima uwanja" kuliko "elfu moja" iliyotoka hewani.

Saa ya kwanza

Hapa ndipo ushuhuda unapookolewa au kupotea. Tukio likimalizika, watu hukimbilia barazani kulisimulia, na kila anayesimulia humwongezea mwenzake. Jioni ikifika, watu kumi waliosimama mahali kumi wana hadithi moja, na kila mmoja anaapa ameiona kwa macho yake. Hawasemi uongo. Kumbukumbu ndivyo ilivyo.

Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer, nchini Marekani, waliwaonyesha watu filamu ya magari yaliyogongana. Baadhi waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana". Wengine, yalikuwa na mwendo gani "yalipopondana". Walioulizwa kwa neno zito walitaja mwendo mkubwa zaidi. Baada ya wiki waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika watu 50 walioulizwa kwa neno zito, 16 walisema ndiyo. Katika 50 wa neno jepesi, 7. Kwenye filamu hakukuwa na kioo kilichovunjika. Neno moja la muulizaji liliwapa watu kumbukumbu ya kitu ambacho hakikuwapo, basi fikiria baraza nzima itakufanyia nini.

Kwa hiyo fanya hivi kabla hujaketi na watu. Tafuta daka (ukumbi wa mlangoni) tulivu au rudi nyumbani, weka dakika 30, na andika kila kitu ulichokiona bila kupanga na bila kusahihisha. Ukisahau jina la kitu, kieleze. Ukikumbuka jambo la mwanzo ukiwa mwishoni, liandike hapohapo. Kisha chora ramani: ulisimama wapi, ukatazama upande gani, nini kilikuziba. Mlingoti, ukuta, mtu mrefu aliyekuwa mbele yako, vyote vitie. Ramani mbaya ya dakika 5 humaliza ubishi wa mwezi mzima. Andika pia usichokiona ambacho msomaji atategemea ulikiona: "Sikuona moto ulipoanzia, nilipotoka kwenye wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia, paa la pili lilikuwa linawaka."

Kama usiku umeshaingia na umechoka, andika kurasa 2 tu lakini usilale kabla ya kuziandika.

Saa, siku na maji

Msomaji wa pwani ana vipimo vyake vya kumkagua shahidi, navyo havihitaji mahakama.

Cha kwanza ni saa yenyewe. Simu huandika 16:20. Sisi tunasema saa 10 na dakika 20 alasiri. Anayechanganya mitindo miwili katika andiko moja humwacha msomaji akijiuliza "saa 4" ni ya asubuhi, ya usiku au ya Kizungu. Shika saa ya Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, na kila mara taja wakati wa siku: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Unapoihamisha saa ya picha, tofauti ni saa 6, na dakika hazibadiliki.

Cha pili ni usiku. Kwa hesabu ya wazee wetu, siku huanza jua likichwa, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia Ijumaa. Kijana aliyesoma kalenda ya ukutani atauweka baada ya Ijumaa. Andika "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa" na hakuna atakayekosea. Maneno jana, juzi na majuzi yatoe kabisa, weka tarehe. Ukitaja tarehe ya Kiislamu, iandamane na ya kalenda ya kawaida na mwaka wake.

Cha tatu ni maji, na hiki ndicho huwaumbua wengi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hujaa karibu saa 10 hadi saa 11, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu saa 4 hadi saa 5, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, mambo ni kinyume. Kila siku maji huchelewa kwa dakika kama 50. Ukiandika kwamba mbalamwezi ilikuwa imejaa, na saa 4 usiku maji yalikuwa yanapiga ngazi za gati, mvuvi yeyote atafunga ukurasa wako hapo. Lakini ukijua hesabu hii, itakusaidia: kama unakumbuka kwamba watoto walikuwa wanacheza mpira kwenye mchanga uliokauka na mwezi ulikuwa mpevu, basi haikuwa alasiri ya kuelekea magharibi. Pepo ni hivyohivyo. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, huvuma kati ya Desemba na Machi; kusi, utokao kusini, kuanzia Aprili hadi karibu Septemba. Moto ulioruka kutoka paa hadi paa kuelekea kusini mwezi wa Januari unaeleweka. Ulioruka kuelekea kaskazini mwezi huohuo unahitaji maelezo.

Na magharibi: hapa Lamu jua huchwa kati ya saa 12 na dakika chache jioni na saa 12 na dakika kama 40, kutegemea mwezi, na giza huingia upesi, dakika 20 hivi. Usimwone mtu kwa rangi ya kanzu yake saa 1 na robo usiku bila kusema taa ilitoka wapi.

Kwa tukio la zamani, funga kumbukumbu yako kwenye jambo ambalo tarehe yake inajulikana na kila mtu. Tsunami ilifika pwani ya Kenya Jumapili, 26 Desemba 2004. Jua lilipatwa jioni ya Jumapili, 3 Novemba 2013. Mwezi ulipatwa wote usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, tarehe 27 Julai 2018, kuanzia kama saa 4 na nusu hadi baada ya saa 6 usiku. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Jiulize: ilikuwa kabla ya lipi, baada ya lipi, nilikuwa darasa la ngapi, nani alikuwa bado hai? Mara nyingi mwaka hujitokeza wenyewe. Usipojitokeza, andika "kati ya 2004 na 2006". Upana wa kweli una faida kuliko tarehe moja ya kubahatisha.

Kurudi mahali na kupima

Siku ya pili rudi, mchana, peke yako. Pima hatua yako kabla: nyoosha utepe wa fundi mita 20 chini, tembea kawaida mara 3, gawanya. Watu wazima wengi hupata karibu robo tatu ya mita. Kisha hesabu hatua kutoka uliposimama hadi palipotokea jambo, na utashangaa. Katika vichochoro vyembamba umbali huonekana mkubwa kuliko ulivyo; juu ya maji huonekana mdogo.

Baharini usijaribu kutaja mita. Fanya kama wavuvi wetu: panga alama 2 za nchi kavu katika mstari na useme chombo kilikuwa juu ya mstari huo. Kwa mlipuko au radi uliyoiona na kuisikia, sauti hukata mita 340 hivi kwa sekunde. Hesabu sekunde kati ya mwanga na mlio, gawanya kwa 3, hizo ndizo kilomita.

Kutenganisha

Chukua yale uliyoyamwaga karatasini kwa dakika 30, na penseli. Pembeni mwa kila sentensi weka herufi: N kwa nilichoona au kusikia mwenyewe, A kwa nilichoambiwa, D kwa dhana yangu. Hii ni kazi ya nusu saa na ni chungu, kwa sababu sentensi tunazozipenda zaidi mara nyingi ni za D. "Nahodha alishikwa na hofu" ni D. "Nahodha aliachia usukani akashika mlingoti kwa mikono miwili" ni N, na msomaji ataiona hofu bila kuambiwa.

D si dhambi. Iandike, lakini kwa nguo zake: "nadhani", "ilionekana kama", "kwa kuwa moshi ulitoka upande wa jikoni, nilidhani". A vilevile ipewe mwenyewe: "muuza samaki aliyesimama karibu nami aliniambia". Epuka "inasemekana", maana haina mwenyewe. Na "eti" inaonyesha huamini, basi itumie pale tu unapotaka kusema hivyo.

Sasa ndipo uende barazani. Zungumza na mashahidi 2 au 3 waliosimama mahali tofauti na pako. Waulize kwa swali lililo wazi: "Uliona nini?" Usiulize, "Ulimwona yule wa shati jekundu akimsukuma?" kwa sababu umeshampa shati, rangi na msukumo. Wakipingana nawe, usibadili maandishi yako ya N. Weka kauli yao kando: "Mimi niliona watano, aliyekuwa gatini alihesabu sita." Tofauti kama hiyo haikupunguzii heshima. Mwandishi anayekubaliana na kila mtu katika kila jambo ndiye anayetiliwa shaka.

Kuandika

Anza mahali uliposimama na saa, katika sentensi 2 za kwanza. Usianze na historia ya Lamu wala sifa za mji. Kisha gawa maneno yako kwa uzito wa tukio. Kwa andiko la maneno 1,000, nusu nzima iende kwenye zile dakika chache ambazo kwa ajili yake umeamua kuandika. Maneno 150 kwa yaliyotangulia. Yaliyobaki kwa yaliyofuata na uliyoambiwa. Kosa la kawaida ni kutumia kurasa 3 kwa safari ya kufika na aya moja kwa jambo lenyewe, kwa sababu safari ni rahisi kuikumbuka.

Vitenzi vinahitaji uangalifu. -li- huweka tukio katika wakati wake. -Ka- huendesha mfululizo: "aliruka, akashika kamba, akapanda". Ukiweka -ka- unaapa kwamba jambo la pili lilifuata la kwanza, kwa hiyo kama hujui lipi lilitangulia, usiitumie. -ki- inaonyesha kitendo kikiendelea mbele ya macho, kama tulivyoona mwanzoni. "Nilisikia mtoto akilia" ni sikio lako. "Nilisikia kwamba mtoto alilia" ni mdomo wa mtu mwingine. Kauli ya kutendwa nayo huficha mtu. "Kijana alipigwa" inamwacha msomaji akimtafuta mpigaji. Kama hukumwona, sema: "Sikumwona aliyempiga." Tumia pia utajiri wa mahali: pale ni nukta unayoijua, kule ni upande, mle ni ndani. "Alikuwapo", "alikuwako" na "alikuwamo" si neno moja.

Ukikutana na kitu usichokijua jina, usikiruke. Vyombo vya Vasco da Gama vilipotia nanga Malindi Aprili 1498, mmoja wa waliokuwamo aliandika habari za mapokezi ya mfalme. Alitaja mwavuli wa hariri nyekundu, viti viwili vya shaba, na tarumbeta mbili za pembe zilizochongwa, zenye kimo cha mtu, zinazopulizwa kwa tundu lililo ubavuni. Neno siwa hakulijua. Lakini kwa sababu alitaja kitu kimetengenezwa kwa nini, ukubwa wake, na kinavyopulizwa, mtu yeyote wa Lamu aliyewahi kuiona siwa ya pembe ya Pate anajua leo, zaidi ya miaka 500 baadaye, kwamba zile zilikuwa siwa. Hiyo ndiyo kanuni ya kueleza: kimetengenezwa kwa nini, kina ukubwa gani kwa kulinganisha na mwili wa mtu, na kinafanya nini. Kama angeandika "tarumbeta za ajabu na za kupendeza" tungekuwa hatuna kitu.

Tazama tofauti katika mfano huu wa kubuni. Aya ya kwanza ni ya namna inayoandikwa kila siku:

*Mashindano yalifana sana. Watu wengi mno walihudhuria na kila mtu alifurahi. Ghafla mashua moja ilipata ajali mbaya, lakini kwa bahati nzuri mabaharia wote waliokolewa na shangwe zikaendelea.*

Na hii ni ileile, imeandikwa na shahidi:

*Saa 10 na dakika 20 alasiri nilikuwa nimesimama kwenye ukuta wa pwani, hatua kama 40 kusini ya gati. Mashua ya tatu ilikuwa inabisha upepo kuja upande wetu, watu wanne wamekaa kwenye ubao uliotokeza nje ya chombo. Niliiona ikigeuka. Wale wanne walianza kurudi ndani wabadili upande. Wa mwisho akateleza, akaning'inia kwenye kamba. Chombo kikalala, tanga likatanda juu ya maji. Sikusikia kishindo. Nilichosikia ni mwanamke nyuma yangu akisema, "Yallah, wanangu." Nilihesabu vichwa majini: vitatu, kisha vitano. Boti ya injini ilitoka gatini, na ilipowafikia ilikuwa saa 10 na dakika 26. Niliona watano wakipandishwa. Baadaye niliambiwa walikuwa sita, na wote walitoka salama.*

Neno "ajali" halimo, wala "ghafla", wala "bahati nzuri". Dakika 6 za kungoja zinabeba hofu yote. Na yule wa sita ameachwa mahali pake halisi, kati ya macho ya mwandishi na maneno ya watu.

Majina, sura na ruhusa

Jina la aliyeumia au kufa lisitoke kwako kabla jamaa zake hawajajua. Jina la mtoto usilitaje kabisa; "mvulana wa umri wa kama miaka 10" linatosha. Mtu aliyekupa kauli muulize kama anakubali kutajwa, na kama anakataa mtaje kwa kazi yake au mahali aliposimama, kwa namna ambayo majirani hawatamtambua. Usipige picha za kina mama waliovaa buibui, waliofiwa au walio msikitini bila kuomba; ukikataliwa, eleza kwa maneno. Kama tukio ni la jinai, mweleze polisi kwanza, na usiandike "muuaji" au "mwizi" kwa mtu ambaye mahakama haijamhukumu. Andika ulichomwona akifanya.

Kukagua na kuweka

Liache andiko siku 2, kisha lisome kwa sauti mbele ya mtu ambaye hakuwapo. Mpe karatasi achore ramani ya tukio kwa kukusikiliza tu. Linganisha na yako. Pale mchoro wake unapopotea ndipo sentensi zako zinapohitaji kazi, na mara nyingi ni neno "hapo" au "pembeni" ambalo wewe unalielewa peke yako.

Mwishoni andika jina lako, tarehe ya tukio, tarehe uliyoandika mara ya kwanza na tarehe ya kusahihisha, kwa sababu ushuhuda wa usiku uleule na wa baada ya miaka 10 husomwa kwa macho tofauti. Chapa nakala 2. Moja ibaki na daftari la penseli na ramani, ndani ya bahasha ya karatasi, kwenye kabati la juu lisilofikiwa na unyevu wala mchwa. Ukuta wa matumbawe hutoa chumvi, kwa hiyo usiiegemeze ukutani. Ya pili ikae katika nyumba nyingine, paa lingine, mtaa mwingine.